Willy Gamba na Watu wa Ruvuma

Nazungumza na wewe uliyeko Mahurunga, Kilambo na Kitaya, wewe uliyeko Msimbati na Mikindani, na wewe ndugu yetu wa ng'ambo ya Mto Ruvuma, ambaye sauti ya redio hukufikia bila kuulizwa hati ya kusafiria.

Mazungumzo yetu leo yanamhusu mwandishi wa riwaya za kusisimua, zile za upelelezi na ujasusi, siku kitabu chake kinapotoka. Mtu huyu amekaa miaka peke yake na watu ambao hawapo. Wengine amewaua, wengine amewaokoa, na usiku mwingine ameamka kwenda kumbadilisha muuaji. Sasa kitabu kimetoka, bado kinanukia wino, na yeye anangoja habari moja tu: kwamba mahali fulani yuko mtu asiyemjua aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Zawadi ni nzuri, fedha zinahitajika, lakini mwandishi wa aina hii hushangilia hasa siku anaposimamishwa njiani na mama mmoja akamwambia, "Baba, wewe ndiye uliyeniunguzia wali."

Naiheshimu sana shangwe hiyo, na ninachokiamini nakitamka mapema. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imewasomesha watu wengi kuliko heshima inayopewa. Na sisi wa mwambao wa Ruvuma tuna haki ya kudai nafasi ndani yake, kwa sababu mambo iliyoyaandika yalipita mlangoni petu.

Tuanze Zanzibar. Shirika la East African Literature Bureau liliendesha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la 1957/58, na mshindi wa kwanza akawa Mzanzibari Muhammed Said Abdulla kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale. Bwana huyu alikuwa amefanya kazi idara ya afya, kisha akawa mwandishi wa habari, akahariri pia Mkulima, gazeti la kilimo. Kitabu kikatoka 1960. Ndani yake anauawa Bwana Ali Bomani, na maiti yake inakutwa mahali pa mzimu, mahali ambapo kila mtu ana jibu tayari: mizimu imemtaka. Anakuja mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum, anaanza kuuliza maswali madogo madogo. Nani alikuwa wapi? Nani anafaidika? Nani amesema neno ambalo hakupaswa kulijua?

Fikiria hicho ni kitabu gani kwa watu wa pwani wa 1960. Kilimchukua msomaji aliyelelewa na habari za mizimu, kikamwambia bila kumdharau: kaa, tazama vizuri, huenda hapa kuna mkono wa mtu. Msomaji alikubali kufundishwa kushuku kwa sababu alikuwa anastarehe. Kisha vikafuata vingine, Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na kila kimoja kilipotoka watu walikuwa wanamngoja Bwana Msa kama anavyongojwa mjomba aliye safarini. Hayo ndiyo mapokezi ambayo mwandishi yeyote angeyaomba.

Bara nako hawakukaa kimya. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na Inspekta Wingo akaingia mitaa ya Dar es Salaam. Bwana Msa ni mtu wa mitaa ambayo watu wanajuana kwa koo. Wingo ni wa jiji, magari, simu na wageni wasiojulikana walikotoka. Ulikuwa ukurasa mpya.

Lakini kitabu ninachotaka tukae nacho kilitoka 1974. Kinaitwa Kufa na Kupona, na mwandishi wake ni Elvis Musiba. Ndicho kilichomzaa Willy Gamba, jasusi wa Tanzania.

Msikilizaji, tuukumbuke mwaka huo ulivyokuwa. Wakati wa sensa ya 1967, katika kila watu wazima 100 wa nchi hii, karibu 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Ikaja kampeni kubwa: madarasa chini ya miembe, bibi na mjukuu kwenye ubao mmoja, walimu wa kujitolea. Kufikia 1977 waliokuwa hawajui kusoma walikuwa wamepungua hadi wastani wa 27 kwa kila 100. Sasa jiulize. Mtu mzima amejifunza kusoma akiwa na miaka 40. Amemaliza kitabu cha kilimo bora, amemaliza kile cha afya, na gazeti la Elimu Haina Mwisho lililoanza 1974 kule kanda ya ziwa halimfikii. Atasoma nini kingine, mwaka huu na mwaka ujao, ili asisahau?

Mimi nasema alimsoma Willy Gamba. Au kama hakumsoma mwenyewe, alisomewa. Kitabu cha Musiba ambacho mimi nilikifahamu kwanza hakikuwa na jalada, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Kilikuwa kimepita mikononi mwa watu wengi kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka mwenyewe ni nani. Aliyekisoma kwa sauti alikuwa kijana wa darasa la sita, na waliomsikiliza walikuwa wavuvi watu wazima. Akifika mwisho wa sura, wanamzuia asifunge. Mafuta ya koroboi yalikuwa ya shida, lakini siku hizo yalipatikana.

Serikali ilitoa ubao, chaki na walimu, nayo ilifanya vema sana. Hamu ya kufungua ukurasa wa pili ililetwa na waandishi hawa.

Na tazama kitabu chenyewe kinahusu nini. Nyaraka za siri za harakati za ukombozi zinaibwa Dar es Salaam, na Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzirudisha kabla hazijamfikia adui. Hiyo ndiyo kazi yake, na msomaji wa 1974 hakuhitaji kuelezwa uzito wake. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na mwaka kitabu kinatoka katibu mtendaji wake alikuwa Hashim Mbita, mwanajeshi aliyewahi kuwa mwandishi wa habari. Nyaraka kama zile zilikuwepo kweli. Maadui walikuwepo kweli. Na watu ambao maisha yao yalitegemea nyaraka hizo walikuwa wanavuka mto wetu usiku.

Hapa ndipo nataka watu wa Mahurunga wanisikilize. FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962. Vita vyake vya silaha vilianza Septemba 1964 huko Cabo Delgado, upande wa pili wa Ruvuma. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea. Majeruhi waliletwa Mtwara, ambako FRELIMO ilikuwa na hospitali yake iliyopewa jina la Américo Boavida. Wazee wa vijiji vya kando ya mto wanakumbuka ndege za Wareno zikiruka angani, na njia ambazo mtu hakupita kwa hofu ya mabomu ya ardhini. Wanakumbuka wageni waliopokewa usiku, wakapewa ugali na kisamvu, na asubuhi hakuna aliyeuliza wamekwenda wapi. Kutokuuliza huko kulikuwa ni kazi ya usalama wa taifa, ikifanywa na watu wasio na mshahara wala bastola. Na pale Naliendele wamelala wanajeshi wetu waliokufa kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji.

Tena kuna jambo moja ambalo mwandishi angelibuni tungemwambia amezidisha. Tarehe 3 Februari 1969, Dar es Salaam, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alipokea kifurushi kilichokuja kwa posta. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Alikifungua likamwua. Kitabu, msikilizaji! Adui alijua kwamba kwa mtu msomi kama yule, kitabu hakishukiwi. Miaka mitano baadaye Musiba akatoa kitabu kingine, cha karatasi na wino tu, ambacho ndani yake wale waliotuma vifurushi vile wanashindwa. Naamini wasomaji wa wakati ule, hata wale ambao wasingeweza kulieleza, walisikia faraja ya kushinda japo kwenye karatasi, wakati vitani bado watu wanakufa. Msumbiji ilipata uhuru wake Juni 25, 1975, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka.

Musiba aliendelea. Kikosi cha Kisasi kilitoka 1979, Willy Gamba akapelekwa Kinshasa. Baadaye Njama, Hofu na vingine. Wakati huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na lile shirika la East African Literature Bureau likafa nayo. Karatasi ikawa adimu, kama sukari na sabuni. Waandishi wa riwaya za kusisimua hawakukaa chini kulia. Musiba, mfanyabiashara ambaye baadaye aliiongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, alianzisha Kilimanjaro Publications ili vitabu vyake vitoke. Ben Mtobwa, kijana wa Kigoma, alianzisha Heko, akachapa vyake na vya wenzake. Mpelelezi wa Mtobwa, Joram Kiango, akawa na wapenzi wake, na hadi leo ukikaa na watu wa umri fulani watagombana nani zaidi, Joram au Willy. Katika Tutarudi na Roho Zetu? cha 1987, Joram anaingia Afrika Kusini ya makaburu. Dar es Salaam Usiku, cha 1990, kinaacha ujasusi kidogo na kutembea gizani na watu wa jiji, na nadhani ndicho kitabu chake kilichokomaa kuliko vyote. Mtobwa alifariki Novemba 2008, akiwa na miaka 50 tu. Nchi haikusimama. Ilipaswa kusimama japo kidogo.

Haikusimama kwa sababu waliozoea kupanga vitabu kwa madaraja waliziweka riwaya hizi daraja la chini. Ziliitwa riwaya pendwa, na pendwa hapo haikuwa sifa. Walisema zinaiga James Bond, zina pombe na bastola nyingi, na wanawake ndani yake ni mapambo. Wanachosema kina ukweli ndani yake. Mwanamke katika nyingi ya riwaya hizo anaingia akiwa mrembo, anatoka akiwa maiti au msaliti, na hatujapata kujua alikuwa anawaza nini. Hilo ni kosa la uandishi, maana nusu ya akili ya mtaa imeachwa nje ya uchunguzi. Bwana Msa angeligundua. Anayejua nani aliingia kwa nani saa ngapi ni mama anayefagia uwanja alfajiri.

Lakini kuhukumu aina nzima ya uandishi kwa kosa hilo si haki. Mhakiki anasoma kwa sababu ni kazi yake. Yule mvuvi wa koroboi alisikiliza kwa sababu alitaka, na siku alipotaka, wala si siku alipolazimishwa, ndipo akawa msomaji. Orodha za vitabu vya kiada zimebeba Takadini na Watoto wa Mama N'tilie, na ni vitabu vizuri, wanafunzi wamefaidika navyo. Ila kitabu cha mtihani kikishafanyiwa mtihani hufungwa. Ningependa kijana wetu wa sekondari awe na kimoja cha mtihani na kingine cha chini ya mto wa kulalia.

Ukitaka ushahidi kwamba kiu haikuisha, tazama magazeti ya hadithi yaliyojaa kuanzia miaka ya 1990. Eric Shigongo aliandika hadithi za kuendelea, wiki hadi wiki, na watu walinunua gazeti zima kwa ajili ya ukurasa mmoja. Wauza magazeti waliulizwa, "Imetoka?" bila jina la gazeti, nao walielewa. Baadaye Shigongo akawa mbunge. Aliyejenga jina lake ni msomaji wa ukurasa ule.

Na sasa waandishi wapya wanakuja. Hussein Tuwa ametupa Mkimbizi, Mfadhili, Utata wa 9/12, Mdunguaji. Enock Maregesi mwaka 2012 alitoa Kolonia Santita, riwaya ya ujasusi inayokwenda hadi Mexico kupambana na magenge ya dawa za kulevya. Mwaka 2014 Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi wakaanzisha tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoitwa Mabati-Cornell, na ilipotolewa mara ya kwanza, 2015, Kolonia Santita ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyoshinda. Nilifurahi kana kwamba nimeshinda mimi. Riwaya ya ujasusi, ile iliyokaa miaka 40 kwenye ngazi ya chini, ilikuwa imepanda jukwaani pamoja na ushairi, na hakuna aliyeiuliza imefuata nini. Hapa nyumbani nako Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitoa zawadi zake za kwanza Aprili 2023, na riwaya imo.

Tuzo hizo ni shangwe ya ukumbini. Kuna shangwe ya pili ambayo ni ngumu zaidi, nayo ni ya kitabu kumfikia mtu wa Mahurunga.

Mwandishi wa leo mara nyingi ndiye mchapishaji, ndiye mchuuzi, ndiye karani. Anachapa nakala chache kwa fedha zake. Anatangaza kwa simu. Wewe unamtumia fedha kwa simu, yeye anafunga kitabu, anakipeleka stendi, kinasafiri kutoka Dar es Salaam kilomita zaidi ya 500 hadi Mtwara mjini, na kutoka hapo unamtafuta dereva au kijana wa bodaboda akuletee. Nauli inaweza kukaribia bei ya kitabu. Ndiyo maana mtu anashawishika kupokea nakala ya bure ya kwenye simu, iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na mtu asiye na ruhusa. Naelewa umbali, naelewa mfuko. Lakini tuitazame hali hii kwa macho ya mwandishi: kitabu kimetoka Jumatatu, Ijumaa kimeenea vijiji vyote, kila mtu anamsifu, na yeye hana fedha ya kuchapa cha pili. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda. Anayeweza kumlinda haraka kuliko sheria ni msomaji anayekataa kusambaza. Watu watano wakichanga, wakaagiza nakala moja na kuizungusha, wamemtendea haki kuliko watu 500 waliopokea picha za kurasa.

Sasa niseme lile lililonileta hasa. Katika riwaya zote hizi nilizosoma, sijakutana na moja ambayo uwanja wake ni mdomo wa Ruvuma. Willy amekwenda Nairobi na Kinshasa, Joram amekwenda Afrika Kusini. Kwetu hawajashuka. Na kwetu, ndugu zangu, kumejaa vitu ambavyo mwandishi wa riwaya ya upelelezi angelipa fedha kuvipata.

Chukua maji. Jijini muuaji anakamatwa kwa saa ya ukutani. Kwetu atakamatwa kwa mwezi. Tuseme ametokea marehemu huku upande wa mashamba ya mpunga, na mtu mmoja anaapa kwamba usiku ule hakuwepo. Anasema alivuka kutoka ng'ambo alfajiri, kwa mtumbwi uliosheheni, akapita kwenye kijito kilicho katikati ya mikoko, akateremka nyuma ya kijiji. Polisi waliotoka mbali wanaandika maelezo yake wanafunga daftari. Bibi mmoja aliyekaa pembeni anahesabu vidole. Mwezi ulikuwa wa siku ya saba. Siku ya saba ni maji mafu, bahari haipandi sana, na kijito kile hakibebi mtumbwi wenye mzigo mpaka siku za bamvua. Basi huyu bwana hakupita pale, na kama hakupita pale, alilala upande huu. Sura inaishia hapo. Nani atazima taa?

Chukua dungu. Mpunga ukikaribia kuiva, mwenye shamba analala juu ya dungu kuwafukuza nguruwe na viboko. Yeye ni shahidi asiyeonekana, yuko juu, gizani, macho wazi, na anajua mshindo wa kiboko na mshindo wa mtu anayebeba kitu kizito. Chukua lugha: Kimakonde, Kiswahili, Kimwani, na Kireno cha wale waliokulia kule, kiasi kwamba mtu akijibu salamu vibaya anajulikana alikotoka. Chukua historia: Mei 1916 Wareno, wakisaidiwa na manowari yao Adamastor, walijaribu kuvuka mdomo huu wa mto kuja upande wa Wajerumani wakarudishwa, na pembe ya Kionga, kusini ya mdomo, ilibadili bendera ndani ya vita hivyo. Chukua gesi ya Mnazi Bay na bomba linalotoka Madimba. Chukua korosho na mizani yake. Ni nani atasema hapa hakuna kisa?

Hata hivyo kuna jambo ambalo mwandishi atakayekuja lazima aliingie kwa adabu. Oktoba 2020, Kitaya ilivamiwa na wapiganaji waliotoka ng'ambo. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, familia zikakimbia. Kwa majirani zetu wa Cabo Delgado mambo hayo yalianza Oktoba 2017 na yamewafukuza mamia ya maelfu ya watu makwao. Huku kwetu hofu ni kitu kilichogonga mlango, na wako watoto ambao bado wanashtuka kwa mlio wa pikipiki usiku. Riwaya ya kusisimua inaishi kwa kuchezea hofu ya msomaji, na haina ruhusa ya kuwachezea waliofiwa. Mwandishi akitaka kuandika juu ya usiku ule, aje kwanza akae na watu, asikilize, asiwageuze wauaji kuwa mashujaa wa vichochoro wala wanakijiji kuwa maiti za kuhesabiwa. Awape majina, kazi, na akili ya kupambana. Nadhani inawezekana. Musiba aliandika katikati ya vita vya ukombozi na hakuwadhalilisha waliokuwa wanavipigana. Kitabu kinachomrudishia mtu aliyetishwa uwezo wa kuuliza nani, kwa nini na kwa faida ya nani, kinamfanyia kazi ambayo pole peke yake haiwezi.

Ndiyo maana naamini mwandishi huyo angefaa atoke hapa hapa. Pengine yuko shule ya sekondari sasa hivi, anasikiliza na daftari la jiografia lenye hadithi kurasa za nyuma. Binti yangu, au kijana wangu, usingoje kwenda jijini. Muulize babu yako maji yalijaa saa ngapi usiku fulani. Muulize bibi yako ni wageni gani aliowapikia bila kuwauliza jina. Andika sura moja, wasomee wenzako, uone wanakuzuia wapi usifunge daftari. Pale wanapokuzuia ndipo unapoandika vizuri. Pale wanapopiga miayo, kata. Mswada ukikamilika, tuzo ya Mwalimu Nyerere hutangaza muda wa kupokea kazi, na mwalimu wako wa Kiswahili anaweza kukusaidia kuutuma.

Na wewe msomaji mtu mzima, minada ya korosho inakuja. Tutalipa madeni, tutanunua bati, tutalipa michango ya shule, na yote hayo ni ya lazima. Naomba katika fedha hiyo itoke bei ya kitabu kimoja. Kiagize kwa mwandishi mwenyewe, kisomwe nyumbani kwa sauti, na ukikimaliza mpigie simu umwambie kilikufanya nini. Namba yake huwa imeandikwa ndani, kurasa za mwanzo.